Pepo Ziuazo na Madaftari ya Kuzihesabu: Kutoka Bengali hadi Nyanda za Songwe

Miongoni mwa pepo zote zinazobomoa makazi ya watu, tonado ndiyo nyembamba kuliko zote na ndiyo yenye kasi kuliko zote, kwa kuwa ni mnara wa hewa inayozunguka kwa nguvu, juu ukiwa umeshikamana na wingu la mvua ya radi na chini ukigusa ardhi, na kwa kawaida njia yake haizidi upana wa mita mia chache, wala uhai wake hauzidi dakika chache. Kiswahili hakikuwa na jina moja lililotengwa kwa ajili ya upepo huo. Kimbunga ni jina la dhoruba kubwa ya baharini inayoweza kufunika eneo la mamia ya kilomita na kudumu kwa siku nyingi. Tufani hutajwa na mabaharia kwa maana inayokaribiana na hiyo. Kisulisuli, ambacho katika Biblia ya Kiswahili ndicho kilichompaza nabii Eliya mbinguni, na chamchela, jina lenye kusikika zaidi pwani, huweza kuwa vumbi linalozunguka uwanjani wakati wa jua kali au upepo wa kung'oa miti, bila msemaji kulazimika kusema ni kipi kati ya hivyo viwili. Kisulisuli cha vumbi huzaliwa na joto la ardhi na hupanda juu pasipo wingu lolote, ilhali tonado huning'inia kutoka kwenye wingu na kuteremka, na tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya upepo unaochafua nguo zilizoanikwa na upepo unaoua.

Ukosefu huo wa jina una uzito katika historia, kwa sababu kinachokosa jina hukosa pia safu yake katika daftari. Anayeuliza ni wapi duniani tonado huua mara nyingi zaidi huhisi kwamba anauliza juu ya mawingu na joto peke yake, lakini idadi zilizopo ni zao la mambo mawili kwa pamoja, yaani upepo wenyewe na watu waliopewa kazi ya kuuandika, na mahali ambapo kazi hiyo haikuwahi kupewa mtu, ukimya wa daftari umekuwa ukisomwa kana kwamba ni utulivu wa anga. Mkoa wa Songwe, ulio kwenye kona ambako Tanzania inapakana na Zambia na Malawi, ni mahali pazuri pa kuufuatilia mkanganyiko huo hadi mwisho wake.

Nchi iliyoanza mapema kuhesabu ni Marekani. Katika miaka ya 1880 Sajenti John Park Finley, wa kikosi cha jeshi kilichokuwa na dhamana ya mawasiliano na hali ya hewa, alikusanya taarifa za mamia ya tonado kupitia mashuhuda wa kujitolea waliotawanyika katika majimbo mengi, akajaribu hata kutabiri siku ambazo zingetokea. Wakubwa wake waliogopa kwamba neno hilo lingewatia watu taharuki kubwa kuliko upepo wenyewe, wakalipiga marufuku katika utabiri wa serikali, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1938. Ndani ya kipindi hicho, tarehe 18 Machi 1925, tonado moja ilikatiza majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana kwa zaidi ya saa tatu, ikaacha maiti 695, na watu wa miji iliyokuwa njiani mwake hawakuwa wamepata onyo lolote. Hakuna tonado nyingine ya Marekani iliyoua watu wengi kiasi hicho hadi leo, na ni vigumu kuisoma habari yake bila kuifikiria ile marufuku.

Mabadiliko yaliletwa na wanajeshi tena. Tarehe 20 Machi 1948 tonado ilivunja ndege nyingi katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, na siku tano baadaye maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipoona ramani ya hewa imerudia sura ileile, wakatoa onyo, na tonado nyingine ikapita katika kambi hiyohiyo jioni ya siku hiyo. Kuanzia mwaka 1950 taifa hilo likawa na orodha rasmi. Mwanzoni iliandikwa mia mbili hivi kwa mwaka, na leo huandikwa takriban 1,200, lakini wataalamu wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na rada, simu na wingi wa watazamaji, kwa maana zile tonado kali, ambazo hata zamani zisingeweza kupita bila kuonekana, hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Vifo navyo hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, wastani wake ukiwa kama 70, na vingi vyake husababishwa na tonado chache mno zilizo kali kupita kiasi. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazimuui mtu yeyote.

Ukali huo hupimwa kwa njia inayostahili kuelezwa, kwa kuwa itahitajika tena Songwe. Tetsuya Fujita, mzaliwa wa Japani, alitumwa mwaka 1945 kukagua uharibifu wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, akajifunza kusoma namna miti ilivyolala kutoka mahali mlipuko ulipotokea. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliuhamishia ujuzi huo kwenye uharibifu wa pepo, na mwaka 1971 akatoa kipimo ambacho kasi ya upepo hukadiriwa kwa kuangalia kilichobomoka, kwa sababu vyombo vya kupimia ni nadra kuwapo pale tonado inapopita, na vinapokuwapo huvunjika. Fujita ndiye pia aliyebaini kwamba uharibifu mwingi uliodhaniwa kuwa wa tonado ulitokana na kitu kingine, yaani mporomoko wa hewa, ambapo hewa nzito iliyopozwa na mvua au mvua ya mawe huanguka kutoka winguni kwa kishindo, ikigonga ardhi na kutawanyika pande zote. Mporomoko hauzunguki, lakini kasi yake yaweza kulingana na ya tonado nyingi, na kwa mtu aliyelala chini ya bati tofauti hiyo haina maana yoyote usiku huo.

Marekani inaongoza kwa wingi wa tonado, lakini kaburi kubwa zaidi liko Bengali. Tarehe 26 Aprili 1989, baada ya miezi ya ukame, tonado ilipita katika maeneo ya Daulatpur na Saturia, wilaya ya Manikganj nchini Bangladesh, ikaua watu wapatao 1,300 na kuwaacha wengine wapatao 80,000 bila makazi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeitambua kuwa tonado iliyoua watu wengi kuliko zote katika kumbukumbu zilizopo. Miaka ishirini kabla yake, Aprili 1969, nyingine iliua mamia karibu na Dhaka, na Mei 1996 nyingine tena iliua mamia huko Tangail na jirani zake. Kuanzia Machi hadi Mei hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Bengali hukutana na hewa kavu na pepo za juu zenye kasi zinazotoka upande wa milima ya Himalaya, na hapo huzaliwa dhoruba ambazo wenyeji huzitambua kwa msimu wake. Lakini mawingu hayo peke yake hayaelezi hesabu ya vifo. Bangladesh huandikisha tonado chache sana kuliko Marekani, ila kila moja inayopita hukuta vijiji vimebanana, kuta za udongo au mianzi, na mabati membamba ambayo yakishang'oka hugeuka visu, na mara nyingi hukuta pia kwamba hakuna aliyeambiwa.

Barani Afrika nchi yenye kumbukumbu ndefu ni Afrika Kusini, ambako tonado hutokea zaidi kati ya Novemba na Januari, saa za alasiri, kwenye nyanda za juu na miteremko inayoelekea Bahari ya Hindi. Tarehe 15 Desemba 1998 moja ilipita mjini Umtata wakati Rais Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa, akanusurika, na kwa sababu hiyo tonado hiyo ikajulikana dunia nzima. Ile iliyofuata tarehe 18 Januari 1999 huko Mount Ayliff, iliyoua watu 25 vijijini, haikupata umaarufu kama huo.

Tofauti kati ya Mount Ayliff na Mbozi, wilaya ya mkoa wa Songwe, ni ya umbali kutoka ikweta. Ili wingu la radi lizae tonado kubwa, huhitaji joto na unyevu chini yake, na huhitaji pia pepo za tabaka za juu ziwe na kasi kubwa na mwelekeo tofauti na zile za chini, kiasi cha kulisokota wingu zima lizunguke kama pia. Latitudo zilizo mbali zaidi na ikweta, kaskazini na kusini, hupata pepo hizo za juu katika majira ya mpito, ilhali Tunduma, mji wa Songwe ulio mpakani na Zambia, takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hukaa chini ya anga ambayo joto na unyevu vimo tele lakini pepo za juu ni dhaifu, na nguvu ya msokoto inayotokana na mzunguko wa dunia nayo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Kwa hiyo mawingu ya Songwe hukua kwenda juu kwa haraka, hufikia kimo kikubwa, kisha hujiporomokea yenyewe. Tonado ndogo zaweza kutokea, lakini muuaji anayetarajiwa zaidi katika nyanda hizo ni ule mporomoko aliousoma Fujita.

Pwani ina historia nyingine, ambayo mara nyingi huchanganywa na hii. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kilizamisha merikebu za Sultani Barghash wa Zanzibar na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa na baadaye kuwa ndiyo shamba kuu la karafuu. Kingine kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952 na kuua watu zaidi ya 30. Na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Hivyo vyote ni viumbe vya bahari. Vimbunga vilivyokumbukwa katika karne moja na nusu vinaweza kuhesabiwa kwa vidole, na havifiki Songwe isipokuwa kama mvua.

Ardhi ya Songwe yenyewe huchochea mawingu. Upande wa kaskazini-magharibi bonde la ufa la Rukwa liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Kamsamba, iliyo ndani ya bonde hilo, huwaka jua kwa miezi, wakati uwanda wa Mbozi, wenye kahawa na mahindi, uko karibu mara mbili ya kimo hicho, na milima ya Ileje huinuka zaidi kuelekea Malawi. Hewa ya moto hupanda ukingo wa bonde mchana kutwa, na mvua zinapoanza Novemba, mikondo yenye unyevu ikiingia kutoka upande wa Kongo na upande wa Bahari ya Hindi, mawingu hujikusanya juu ya ukingo huo na kupasuka alasiri au jioni. Mwanzo wa msimu ndio wakati wa kuogopwa, kwa sababu hewa iliyo chini ya wingu bado ni kavu, na mvua inayoanguka ndani ya hewa kavu hugeuka mvuke na kuipoza, na hewa iliyopoa huwa nzito na kuanguka kwa kasi zaidi. Wakulima wa Mbozi hawahitaji maelezo hayo ili wajue kwamba mvua za kwanza ndizo zenye upepo.

Historia ya kuiandika anga hiyo ni historia ya mipaka. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliwapasua Wanyamwanga, kabila la mpakani hapo, wengine wakawa raia wa koloni la Wajerumani na wengine wa upande ambao leo ni Zambia, na pamoja nao ukayapasua mawingu. Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1929, ilikuwa na makao yake Nairobi, na wakati wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, kati ya 1953 na 1963, huduma za upande wa pili wa mpaka ziliongozwa kutoka Salisbury. Dhoruba iliyoanza Nakonde, upande wa Zambia, na kuishia Tunduma, mwendo wa dakika chache kwa miguu, iliangukia katika tawala mbili zilizokuwa na makao yake mbali mno na pale ilipopita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda idara yake mwaka 1978, ikawa Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa mwaka 2019. Katika muda wote huo kituo kikubwa cha karibu kilikuwa Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma, na mporomoko wa hewa wenye upana wa kilomita tatu unaweza kupiga vijiji kadhaa kati ya miji hiyo miwili bila chombo hata kimoja kutikisika.

Mipaka ya utawala nayo iliyakata madaftari. Maafa ya Tunduma kabla ya mwaka 2016 yameandikwa chini ya mkoa wa Mbeya, kwa kuwa ndipo Songwe ilipomegwa na Vwawa kufanywa makao makuu yake, na wilaya ya Momba kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Mbozi. Anayetaka kujua ni mara ngapi upepo umeua katika nyanda hizi hukuta majina yamebadilika, mafungu yamegawanywa, na katika mafungu yote hayo maelezo ni yaleyale, kwamba mvua iliyoambatana na upepo mkali imeezua mapaa ya nyumba kadhaa, madarasa kadhaa na zahanati. Kauli hiyo si ya uongo. Imebeba ndani yake, hata hivyo, tonado, mporomoko wa hewa na upepo wa kawaida uliokuta kenchi mbovu, na mtu aliyekufa hutajwa kuwa ameangukiwa na ukuta, jambo ambalo nalo ni kweli.

Tukio linaloonyesha gharama ya mchanganyiko huo halikutokea Songwe bali Kahama, mkoani Shinyanga. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe iliyokuja na upepo mkali iliangukia kijiji cha Mwakata na jirani zake, ikabomoa nyumba za udongo juu ya watu waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa, huku maelfu wakibaki bila makazi. Tangu dhoruba ya mawe iliyoua watu 246 karibu na Moradabad, India, mwaka 1888, ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani huitambua kuwa mbaya kuliko zote za aina yake, ni matukio machache ya namna hiyo yaliyoua watu wengi kama Mwakata. Kama upepo huo ungekuwa tonado ya Marekani, vifo hivyo vingezidi nusu ya wastani wa taifa hilo kwa mwaka mzima, vikiwa vimetokea katika kata moja na kwa usiku mmoja. Na kila vitabu vinapotaja mikoa ya dunia yenye pepo ziuazo, Mwakata haimo, kwa kuwa upepo wake haukuwa na jina linaloingia kwenye orodha.

Kilichoua Mwakata kipo pia Momba na Mbozi, nacho ni ukuta. Nyumba ya zamani ya uwanda huo ilikuwa ya miti na udongo, fupi, ya mviringo au yenye paa la nyasi lililoshuka hadi karibu na ardhi, na upepo ulipoishinda, kilichoanguka hakikuwa kizito. Barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, vilileta saruji na mabati, na mji wa Tunduma, uliokuwa na watu wasiofika 100,000 katika sensa ya 2012, ulikuwa umepita 200,000 katika ile ya 2022. Mji unaokua kwa kasi ya namna hiyo hujengwa kwa haraka: kuta za tofali zilizounganishwa kwa udongo, mara nyingi pasipo lenta, yaani ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu, na paa la bati lililopigiliwa kwenye kenchi ambazo hazikufungwa ukutani kwa waya wala chuma. Paa jepesi na ukuta mzito visivyoshikana ni muungano mbaya kuliko nyasi na udongo vya zamani, kwa sababu upepo ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu, bati hung'oka pamoja na kenchi, na ukuta uliokuwa umesimama kwa kubanwa na uzito huo hubaki peke yake, ukapigwa na kuangukia ndani, upande wa vitanda. Bati jipya ni alama ya mafanikio ya familia, na ni halali yao kujivunia. Fundi aliyeacha kulifunga ndiye anayestahili kuulizwa, pamoja na ofisi zinazokagua madarasa yanayoezuliwa na upepo uleule, mahali palepale, mara kwa mara.

Serikali imejenga vyombo vipya. Rada ya kwanza ya hali ya hewa iliwekwa Dar es Salaam, ikafuatiwa na ya Mwanza, na baadaye mpango huo ukafika Mtwara, Kigoma na Mbeya, na rada ya Mbeya ndiyo inayoweza kuliona wingu la ukingo wa Rukwa likiwa bado linakua. Mamlaka hutoa onyo kwa ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hutaja kasi ya upepo unaotarajiwa, mara nyingi kilomita 40 kwa saa, kiwango chenye maana kubwa kwa mvuvi mwenye mtumbwi. Onyo la mporomoko wa hewa, ambao hukomaa ndani ya nusu saa, linahitaji njia nyingine ya kufika sehemu za Momba kama Kamsamba au Ndalambo kabla ya wingu lenyewe, na linahitaji pia kumbukumbu za nyuma za kulinganisha nazo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na kwa hiyo mtu wa kuandika yupo tayari.

Anachoweza kuandika mtu huyo kiko mbele ya macho yake. Mabati, migomba na mabua ya mahindi yakiwa yamelala yote upande mmoja, au yametawanyika kama miale kutoka mahali pamoja, uwanda huo umepigwa na mporomoko wa hewa. Yakiwa yamelala kwa kukatizana, yakielekea ndani ya ukanda mwembamba kutoka pande zote mbili, basi tonado imepita, na kipimo chake chaweza kukadiriwa kwa mbinu ileile iliyotumika Chicago, ingawa nyumba ya tofali za udongo haimo miongoni mwa vigezo 28 ambavyo Wamarekani walivipanga mwaka 2007 kwa ajili ya majengo na miti yao. Ramani hiyo hudumu kwa muda mfupi sana. Kunapopambazuka majirani hufika, huwatoa waliofunikwa, huokota mabati mashambani na kuyanyoosha kwa nyundo, hung'oa migomba iliyovunjika na kuyasimamisha mahindi yanayoweza kusimama, kwa kuwa mvua nyingine yaweza kunyesha alasiri, na mtendaji wa kata anapowasili na daftari lake kuhesabu nyumba zilizoezuliwa, shamba huwa limekwisha kusafishwa.